Mtu wa Karanga

Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikuwa mtu wa karanga. Siku sita za juma binti huyu alishona nguo kwenye cherehani yake barazani, na jina la kazi lilikuwa limemganda hata mama yake mzazi hakumwita vinginevyo. Siku ya saba alivua futi ya kupimia shingoni, akaingia jikoni kwa mama yake kusaidia kupika kashata. Alizikaanga karanga, akazifikicha zikiwa bado zinachoma viganja, akazipepeta kwenye ungo mpaka maganda yote yakaruka, kisha akazirudisha kikaangoni, pembeni ya moto, zisipoe, maana karanga baridi huigandisha sukari. Mama alisema, "Lete," naye akaleta na kumimina.

Kwenye sukari alisimama Mama peke yake. Aliikoroga mpaka iyeyuke, halafu akauacha mwiko kabisa, maana sukari iliyokwisha kuyeyuka haipendi kusumbuliwa. Aliitazama ikitoka rangi ya chai hafifu kwenda rangi ya asali, akatonesha tone moja ndani ya kikombe cha maji baridi. Tone likikatika kama kijiti, wakati umefika. Ukizubaa kidogo tu, imeungua. Mara mbili katika miaka hiyo Fundi aliomba asimame pale, na mara zote mbili aliambiwa, "Bado, mwanangu." Hakununa. Alijua neno bado nalo lina mwisho wake, na mwishoni kule alijiona yeye.

Kisha macho ya Mama yakaingia ukungu. Hakuweza tena kupambanua asali na kilichoungua. Asubuhi moja aliketi kwenye kigoda, akajifuta mikono, akasema, "Bi Arusi, njoo usimame hapa."

Bi Arusi alikuwa mke wa kaka yake Fundi. Alikuwa na miaka sita katika nyumba ile, na watoto wawili, na bado hakuna aliyekumbuka kumvua jina la harusi. Alikuwa mwepesi wa mkono na mpole wa maneno. Akikuambia, "Wifi, umependeza leo," alikuwa anamaanisha, na kwa hilo ilimwia Fundi vigumu kumsamehe.

Fundi alibaki ameshika ungo. Alidhani Mama amekosea jina, akangoja ajisahihishe. Mama hakujisahihisha. Aliuliza sukari ina rangi gani, akajibiwa, akasema ngoja, akauliza tena. Tone likakatika. Kashata za siku ile zilitoka zinang'aa kama kioo cha dirisha lililofutwa. Mama aliuma kipande kwa upande wenye meno, akatafuna taratibu.

"Una mkono, mwanangu," akamwambia mkwewe.

Neno mwanangu lilimkaa Fundi rohoni juma zima. Alimshonea mteja mkono wa gauni nje ndani. Mteja mwingine alipomsifia wifi yake, alikubali kwamba kweli ni mtoto mzuri, na papo hapo akavunja sindano. Aliorodhesha moyoni vyote alivyokuwa navyo mwenzake: mume, watoto, ngozi laini, usingizi usiokatika. Avichukue vyote, alijiambia. Lakini pale mbele ya jiko, mahali pa kutosha miguu miwili tu, palikuwa pake.

Juma lililofuata alizikaanga karanga vizuri, akazifikicha, akazipepeta. Kisha hakuzirudisha kikaangoni. Aliziacha kwenye sinia dirishani, upepo unapoingilia, akajiambia mkono umesahau. Mkono wa miaka kumi na tisa haukusahau kitu.

"Lete, wifi," Bi Arusi akaita.

Fundi akamimina. Sukari ilinyamaza ghafla, ikashikamana na mwiko, ikajikunja kuwa donge kubwa kama ngumi. Bi Arusi alijaribu kulitandaza kwa chupa, likabomoka. Alihangaika akimuuliza Mama amekosea wapi, amechelewa au amewahi, na machozi yalikuwa karibu. Mumewe alichungulia mlangoni akasema donge lile linafaa kuziba ufa wa ukuta.

"Ndiyo kujifunza, wifi," Fundi akasema. "Pole."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa lile sinia. Zilikuwa zimebaki karanga tatu nne. Akaishika moja kwa vidole viwili, akaisugua muda mrefu kuliko inavyohitaji karanga kusuguliwa, akaitia mdomoni. Kisha akawaambia waufunike moto.

Juma lililofuata Mama alipanga kazi upya kwa sauti yake ya kila siku. Fundi asimame kwenye sukari. Bi Arusi ashike karanga.

Basi Fundi akasimama. Sukari iliyeyuka, akauacha mwiko. Kitu alichokitamani tangu ujana kilikuwa kinachemka mbele yake, na masikio yake yote yalikuwa nyuma, kwa Bi Arusi. Hakuthubutu kugeuka, maana rangi ile hukupita ukipepesa macho. Je, karanga ziko kikaangoni au ziko dirishani? Angekuwa yeye, zingekuwa dirishani. Tone likakatika.

"Lete, wifi," akasema.

Karanga zilikuja ndani ya sufuria yenye mfuniko, zimefungwa kwa kitambaa kizito, zina moto kuliko alivyowahi kuzitunza yeye hata siku moja. Zilipoingia, sukari ilizipokea ikatandaa kwenye sinia kama maji. Mama alionja, akasema zimetoka vizuri. Kisha akauliza ni nani aliyefikiria kitambaa, akaambiwa, akacheka kidogo. Miaka yote hiyo, alisema, hata yeye hakikumjia akilini.

Mama alipotoka kwenda kuketi uani, Fundi aliendelea kukata kashata kabla hazijakauka. Hakuinua macho.

"Wifi, zile za juma lililopita nilizipoza mimi."

"Najua. Mama alinishikisha moja."

"Na leo ukaniletea za moto."

"Sukari ya watu wote, wifi. Ningeiharibu kwa nini?"

Alisema bila kujionyesha, huku akikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. Fundi alisimama mahali alipopataka, kisu kikiwa mkononi mwake, kashata zikiwa zimetoka, akamtazama mwenzake akikunja. Akamwonea wivu kwa hilo pia.