Hodi ya Kutoka

Fundi cherehani alimkatalia msanii kutumia jina lake, uso wake na sauti yake. "Mengine chukua, mwanangu," alimwambia. "Hayo niachie, nina mjukuu."

Msanii alikuwa mgeni wa nyumba ya sanaa pale mtaani. Alipewa chumba na miezi kadhaa ya kufanya utafiti wa filamu kuhusu magereza ya wanawake. Siku moja alimletea fundi kitambaa cha sare za wafungwa, na fundi akazishona bila kuomba mfano. Msanii akazitazama sare, akamtazama na mshonaji, akarudisha mlango taratibu. Hapo yaliyokaa kifuani mwa fundi miaka mingi yakaanza kutoka, kidogo kidogo, kama uzi unaovutwa kwenye pindo.

Binti wa fundi hakujua. Tangu utotoni aliambiwa mama alikuwa mbali, kazini. Sasa naye amezaa, na kila asubuhi humwachia fundi mtoto pale dukani. Nani atamwachia mtoto mtu aliyefungwa? Swali hilo lilimjia fundi hata akitunga sindano, na tundu likampotea machoni.

Msanii alipowaalika majirani waone kipande cha kwanza, binti alikuwa wa kwanza kuvaa.

"Mama, sare zako ziingie kwenye filamu, mimi nibaki nyumbani? Thubutu!"

"Viti vyenyewe vichache."

"Nitasimama. Au unaona haya kuonekana na mimi, mama nyota?"

Wakakaa nyuma kabisa. Mapazia yalikuwa yamefungwa, mtoto amelala mapajani mwa fundi. Ukutani akatokea mwigizaji ndani ya ile sare. Jina si lake, uso si wake, sauti si yake. Fundi akashusha pumzi.

Kisha mwigizaji, peke yake chumbani, akauendea mlango. Ulikuwa wazi. Akasimama, akaugonga kwa ndani, akainamisha kichwa, akangoja. Ndipo akatoka.

Hilo fundi hakulisimulia. Msanii aliliona mwenyewe kila fundi alipoaga: gerezani hutoki mpaka uruhusiwe, na mkono wake ulikuwa bado haujapata habari kwamba kifungo kimekwisha. Nyumbani walikuwa wakilifanyia utani. "Wenzake hupiga hodi ya kuingia, mama hupiga ya kutoka," binti alizoea kusema. "Anaogopa kuwashtua kuku."

Sasa binti hakucheka. Alimtazama mama yake gizani, muda mrefu, kisha kwa upole akamwinua mtoto kutoka mapajani mwake.

Njia nzima binti alimbeba mtoto mwenyewe.

Asubuhi fundi aliwahi kufungua duka. Akashona pindo, likaenda upande, akalifumua. Akashona tena, akafumua tena. Kila hatua barabarani ilimfanya ainue kichwa.

Binti akaja mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake."

"Na kesho?"

Binti alivuta kigoda, akaketi karibu na cherehani, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Uliniacha natambaa au natembea?"

"Ulikuwa unatambaa."

"Ulifanya nini, mama?"

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Utaniletea mtoto?" aliuliza.

"Sijui. Anza mwanzo. Kazini nimewaambia naumwa."