Magunzi ya Mkono wa Kulia

Mkono wangu wa kulia ulipooza asubuhi moja nikikamua ng'ombe, kwetu Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ulimi nao ukawa mzito. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini hakunibembeleza. Kiharusi kimemaliza kazi yake, alisema, iliyobaki ni yako: uhamishe magunzi ya mahindi kutoka karai moja hadi lingine kwa mkono huo huo mbovu, kila siku, na mtu asikusaidie.

Nilimchukia. Lakini mke wangu alileta makarai, akaniketisha barazani, akaenda zake shambani akijua nitalia. Nililia kweli. Gunzi linaanguka, naliinamia, linaanguka tena. Kabla ya mvua za kupanda, vidole vilikuwa vimeanza kulishika.

Ndipo mama akaagiza nipelekwe kwake Bungoma, upande wa Malakisi, nipumzike mke wangu akipanda. Mke wangu alinifungia magunzi kwenye gunia. Mama alicheka. "Ati anatuletea kuni? Si hata huku ziko!" Nikajaribu kumweleza, maneno yakatoka kama uji. Magunzi yalichemsha chai jioni hiyo hiyo.

Kesho yake nikajivutia karai la viazi, nikaanza navyo. Mama akaninyang'anya.

"Hapa kwangu mgonjwa hafanyi kazi. Watu watasema nini?"

Wanawake wa kanisa walipokuja kuniombea walikubaliana naye kabisa. Mmoja aliuchukua mkono wangu, akaulaza tumboni, akaufunika kwa shuka vizuri. "Uache upumzike, baba." Mama akanilisha kwa kijiko asubuhi na jioni. Nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta, na hakuna aliyeiona.

Mke wangu alipokuja kunichukua, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Alifunua shuka akakuta ngumi. Akajaribu kukunjua kidole gumba, nikapiga yowe. Mama akatoka jikoni mbio, akamsukuma kando.

"Wacha kumuumiza! Tangu aje kwangu hajalia hata siku moja. Si uangalie venye amenona!"

Mke wangu aliniangalia. Akaanza kukusanya nguo zangu. Sikungoja kuambiwa na hospitali. Nilijua pale pale kwamba mkono ule haungefunguka tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umejaa furaha, akingoja kushukuriwa. Nikamshukuru.