Taulo la Dada Yangu

Binti yangu alikuwa akisoma historia mezani, hapa Troyeville, Johannesburg, akanisimulia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: zamani huko Ulaya, Wakristo waliwazamisha mtoni Wakristo wenzao kwa kosa la kubatizwa tena ukubwani. "Eish, Mama, wangekumaliza!" Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kukata kitambaa.

Maana mimi nimebatizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni Bukavu, nikiwa mchanga, na aliyenibeba mbele ya padri ni dada yangu mkubwa. Mara ya pili ni hapa Johannesburg, katika bwawa la kuogelea la muumini mmoja wa kanisa langu jipya, mtaa wa Kensington, mwezi wa saba. Nani alinituma kuokoka wakati wa baridi, sijui.

Wakati huo niliishi na dada yangu chumba kimoja, mtaa wa Yeoville, mimi nikishona, yeye akisuka nywele saluni. Nakikumbuka chumba kile mpaka harufu yake ya mafuta ya nywele. Nilipomwambia nabatizwa tena, alilipuka: "Maji ya kwanza ilikosa nini? Si njo miye nilikubeba?" Nami, kwa ujuaji wa mtu aliyeokoka juzi, nikamjibu kwamba siku ile sikubatizwa, nilimwagiwa maji tu. Hakuna neno nililolijutia kama lile. Alivuta godoro lake mpaka ukuta wa pili, nikajua nimempoteza.

Jumapili nilizamishwa, nikaibuka meno yakigongana. Wenzangu waliimba kwa nguvu zote, na hakuna aliyekumbuka taulo. Nje ya geti alisimama dada yangu. Aligoma kuingia, nikamwendea. Alipitisha taulo lake katikati ya vyuma, akanisugua kichwa pale pale kwa hasira, kama alivyonisugua utotoni.

"Hii si ubatizo," alisema. "Lakini sitaki ukufe na baridi."

Jioni godoro lilirudi mahali pake.

Mwaka jana, hospitalini, vidole vya dada yangu vilishindwa kushika rozari. Kanisani kwetu rozari ni ibada ya sanamu. Nilimshikia, punje baada ya punje, nikisali kwa sauti Salamu Maria alizonifundisha mwenyewe, mpaka akalala. Hakuamka tena. Kanisani hawajui mpaka leo kwamba nilisali rozari. Basi wajue.