Mbwa wa Mama Nikodemu

Mwinjuma wa Temeke alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, na kwa udereva hakuwa na sifa ya fujo. Wenzake wa pale Tandika walikuwa wakimtania kwamba akiliona shimo barabarani hulipigia hodi kwanza. Pikapu aliyoiendesha, Pijo nyeupe iliyokwisha kuchujuka rangi, haikuwa yake. Ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba mwenyewe alimkabidhi kwa sharti moja tu: siku gari hili likishikwa na serikali kwa uzembe wako, usinirudishie funguo, rudi kwenu mikono mitupu.

Sharti lenyewe lilikuwa zito kwa sababu ya Jumapili. Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya Kagera. Mafuta yalikuwa ya shida, na magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukikutwa barabarani baada ya hapo, gari linalala kituoni, na kulitoa ni kazi ya kubembeleza mpaka ulimi ukauke.

Jumapili hiyo asubuhi Mwinjuma alivaa kanzu yake safi, akawapakia wazee wa mtaa wao na kuwapeleka Chanika kwenye maulidi. Wazee walikuwa walale huko. Yeye alikuwa ale pilau, aage, awahi kurudi mjini. Lakini shughuli za watu haziendi kwa saa. Chakula kilichelewa, dua ikawa ndefu, na kuondoka kabla ya dua aliona haya. Alipoingia kwenye gari alijua kabisa kwamba muda umembana. Akakanyaga mafuta. Barabara ya vumbi ikaanza kumrusharusha, naye akazidi kukanyaga, macho yake mbele, midomo yake ikitaja jina la Mungu.

Palipo na mteremko, mikorosho imeinamia njia huku na huku, alitokea mwanamke wa makamo. Alikuwa ametoka misa, kitenge begani, rozari mkononi, anavuka. Alisikia gari akasita, akarudi nyuma, kisha akaenda mbele, vile mtu anavyofanya akishikwa na kiwewe. Mwinjuma akapiga breki, pikapu ikaserereka. Akakata usukani kushoto kwa nguvu zake zote. Mama yule akapona, akabaki amesimama katikati ya vumbi kama mti. Lakini chini ya gari kilisikika kishindo, kisha mlio mmoja mkali, kisha kimya.

Mwinjuma alishuka mbio. Nyuma ya gurudumu alikuwa amelala mbwa mweupe mwenye baka jeusi jichoni. Alikuwa hai. Alijaribu kusimama kwa miguu ya mbele, akajivuta, miguu ya nyuma ikaburuzwa kama si yake. Damu ilimtoka mdomoni, nyembamba, ikidondokea vumbini.

"Doa!" Mama yule akapata sauti. "Doa, baba, lala! Usiinuke, lala!"

Akapiga magoti, akakipakata kichwa cha mbwa. Mbwa akaacha kujivuta, akamlamba mkono.

"Shikamoo, mama," Mwinjuma alisema, maana hakujua aseme nini. "Nisamehe. Sikukusudia. Nilikukwepa wewe."

"Bora ungenigonga mie," alijibu bila kumtazama.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu dukani, na hilo ndilo lililomtia Mwinjuma baridi. Akauliza kama kuna mganga wa wanyama karibu. Mama akasema yuko bwana mifugo, Mhaya mmoja, anakaa Pugu karibu na mnada wa ng'ombe. Jina lake Gaudens.

Sasa Mwinjuma alisimama pale akimtazama yule mbwa. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba aliyeguswa nayo hana swala mpaka aoshe mara saba, moja kwa udongo. Maisha yake yote hajamgusa mbwa hata kwa fimbo. Mama alijaribu kumwinua peke yake, akashindwa. Mbwa alikuwa mkubwa, na kila alipoinuliwa kidogo alilia mlio wa kukatisha tamaa. Mama akamwinulia Mwinjuma uso. Mwinjuma akakunja mikono ya kanzu, akainama, akamkumbatia mbwa kifuani, akambeba. Alisikia joto la mwili ule na mapigo ya moyo yakienda mbio dhidi ya moyo wake mwenyewe. Damu na mate vikalowesha kanzu mpaka kwenye ngozi.

Akampandisha nyuma ya pikapu. Mama akapanda naye, akaketi sakafuni akiwa amempakata. Mwinjuma aliendesha huku anataka kukimbia na anaogopa kukimbia, kwani kila shimo lilimtoa mbwa kilio, na kila kilio kilimchoma yeye. Saa nane ilikuwa imekwisha kupita. Aliomba tu asikutane na mtu.

Walikuwa karibu kufika Pugu walipokuta kizuizi. Gogo lilikuwa limelazwa njiani. Pembeni walisimama askari wa barabarani na mgambo mmoja mwenye bunduki.

"Ndugu dereva, saa huna?" askari aliuliza.

"Ninayo, afande. Nina mgonjwa."

Askari akazunguka nyuma, akachungulia, akarudi. Uso wake ulikuwa unajizuia kucheka. "Mgonjwa wako ni mbwa?"

"Nimemgonga mwenyewe. Nampeleka kwa bwana mifugo, hapo tu. Niruhusu nifike, nikimshusha nakuja kulileta gari mwenyewe. Nakuapia."

"Wiki iliyopita nilizuia gari la mkubwa mmoja, alikuwa anampeleka mkewe arusini. Leo nikuachie wewe kwa ajili ya mbwa?" Askari alinyosha mkono. "Funguo."

Mwinjuma alimshika askari mkono kwa mikono yake miwili, iliyojaa damu. Alimsihi kwa mama yake, kwa watoto wake, kwa Mungu. Akamweleza habari za mjomba. Watu wawili watatu wakasogea kutazama mtu mzima aliyevaa kanzu akilia machozi mbele ya askari. Askari alijifuta mkono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini kuliko kwanza, "Ndugu yangu, mie nimewekwa hapa nizuie magari. Usinifanye nijione mie ndiye mbaya." Akachukua funguo.

Mgambo alikuwa amesimama nyuma ya pikapu akimtazama mbwa. Alikuwa kijana, na hakuwa na ubaya. "Mama, anateseka huyu," alisema. "Niruhusu nimmalizie. Risasi moja tu, hatasikia kitu."

Mama alivuta kitenge begani, akamfunika mbwa. "Usimguse," alisema. "Usimguse huyu!"

Basi wakaenda kwa miguu. Mwinjuma alimbeba mbwa mbele ya kifua kama anavyobebwa mtoto aliyelala, mama pembeni akishikilia kichwa kisining'inie. Jua lilikuwa kali. Mikono ilimfa ganzi, akawa anasimama, anapiga goti, anapumua, anainuka tena. Wanaume wawili wenye kofia za viua walipishana nao, na mmoja akasema kwa mshangao, "Shehe, umebeba nini hicho?" Mwinjuma akaendelea kutembea. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, kisha akaona hata aibu yenyewe haina pa kukaa. Gari limekwenda. Kazi imekwenda. Kilichobaki mikononi mwake ni pumzi ya mnyama huyu, nayo ilikuwa inapungua.

Walimkuta Gaudens kibarazani kwake amevaa fulana, anapiga pasi ya mkaa shati la kazini. Aliiweka pasi pembeni, akatandika gunia, akawaambia wamlaze. Alimpapasa mbwa polepole kutoka shingoni hadi mkiani. Akabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mbwa hakushtuka. Akabana tena mguu wa pili. Akarudisha mikono magotini.

"Mama Nikodemu," alisema, kwani alimfahamu. "Uti wa mgongo umekatika. Na ndani anavuja damu."

"Mshone."

"Hakuna pa kushona, mama. Ingekuwa mguu ningeukata. Huyu hawezi kupona."

"Basi mpe dawa asiumie."

Gaudens alitazama chini. "Stoo yangu ina chanjo ya ng'ombe na dawa ya kupe tu. Sindano ya kumtuliza sijaiona tangu vita vilipoanza. Labda tumwite mgambo mwenye bunduki."

"Huyo nimekwisha kumkatalia," alisema mama. Akaketi chini, akanyosha miguu, akakiweka kichwa cha Doa mapajani. "Nitakaa naye mpaka amalize."

Mwinjuma alishindwa kuvumilia. "Mama, anaumia! Hebu msikie anavyohema. Kwa nini umwache ateseke hivi?"

Ndipo Mama Nikodemu alipomkazia Mwinjuma macho. Alikuwa mtu wa Masasi, uso wake umechanjwa chale za kwao, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mbwa huyu ni wa mwanangu," alisema. "Alimlea tangu hajafumbua macho. Nikodemu alikwenda vitani hakurudi. Walikuja askari wenzake wawili kunipa habari, vijana wazuri, wakasema alipigwa mchana, akakata roho jioni. Nikawauliza, tangu huo mchana mpaka jioni alikuwa na nani? Wakatazamana. Nikawauliza tena. Mmoja akasema, mama, tulikuwa tunasonga mbele." Akamfuta mbwa damu mdomoni kwa pindo la kitenge. "Walimzika hukohuko. Mie sikumshika hata kidole. Huyu simwachi peke yake, wala simpi mtu amharakishe."

Gaudens aliingia ndani, akarudi na bakuli la maji. Mwinjuma alisimama katikati ya uwanja, mikono imemning'inia. Angeweza kuondoka. Hakuna ambaye angemshika. Kituoni kulikuwa na gari la mjomba ambalo kila saa ya kuchelewa ilizidi kumharibia, na msikitini adhana ya alasiri ilikuwa inaita naye yuko vile, ananuka damu ya mbwa. Alitaka ardhi ipasuke. Mwishowe akajongea, akaketi kwenye vumbi upande wa pili wa gunia, akawa anachovya vidole kwenye maji na kumdondoshea mbwa ulimini. Mbwa alilamba mara chache. Kisha akaacha kulamba, akawa anatazama tu, jicho moja kwenye manyoya meupe, jicho jingine ndani ya baka jeusi.

Mama alikuwa akisema naye kwa Kimakonde, maneno yale ambayo Mwinjuma hakuyajua, ila jina la Nikodemu alilisikia likipita humo mara kwa mara. Kivuli cha nyumba kikarefuka uwanjani. Mara mbili mbwa alilia kwa uchungu, mara mbili Mwinjuma akaziba masikio kama mtoto. Mara ya tatu hakulia. Alivuta pumzi ndefu, akanyosha shingo juu ya paja la mama, mwili ukalegea.

Gaudens akainama, akaweka kiganja ubavuni. "Amekwenda, mama."

Mama Nikodemu alimfumba Doa macho kwa kidole. Halafu kikamtoka kilio ambacho Mwinjuma hajapata kukisikia kwa mtu. Majirani walitoka mbio wakidhani kuna msiba wa binadamu, na walipomwona anagaagaa chini akimwita mwanawe kwa jina, hakuna aliyethubutu kusema ni mbwa tu. Wanawake walimzunguka, wakamshika mabega. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba siku habari ya vita ilipofika mama huyu hakulia, na wao walimwogopa kwa ajili hiyo.

Mwinjuma na Gaudens walichimba shimo nyuma ya zizi, wakamzika Doa na kile kitenge. Baada ya hapo Gaudens alimpa ndoo na sabuni kipande. Mwinjuma akajiosha kwa udongo na maji kama alivyofundishwa, akihesabu kwa sauti, na alipofika mwisho bado alijiona hajasafika. Kanzu aliianika kwenye ua wa miti, akaiacha hukohuko.

Mjomba hakubadili neno lake. Pikapu ilipotoka kituoni alipewa dereva mwingine. Temeke wakamzushia Mwinjuma jina la Shehe Mbwa, likamganda. Alibeba magunia sokoni msimu mzima, mgongo ukimuuma, mkewe Tunu akiuza vitumbua ili nyumba isilale njaa. Usiku alikuwa akishtuka akisikia ule mlio mmoja wa chini ya gari.

Miezi ilipita akapata moyo wa kurudi kule. Alimchukulia Mama Nikodemu kitoto cha mbwa, amekifunga kwenye kikapu, amekitoa kwa Mzungu mmoja wa Kurasini. Alimkuta anapalilia mihogo. Mama alichungulia kikapuni, akakitazama kitoto kikihangaika, akasema, "Kirudishe, mwanangu. Sitaki kingine cha kungojea."

Mwinjuma akafunika kikapu. Alitaka kuuliza kama amemsamehe, lakini mama alikuwa amekwisha kuinamia jembe lake. Akaliona jembe la pili limeegemezwa kwenye mti. Akavua shati, akalichukua, akaingia mstari wa pili wa mihogo. Mama alimtazama kidogo, kisha akaendelea kupalilia. Walilima hivyo mpaka jioni, kitoto cha mbwa kikilia ndani ya kikapu kwenye kivuli.