Kikohozi Kabla ya Gitaa

Mwanzoni mwa ule wimbo wa roki kuhusu askari wazee, kabla gitaa halijanguruma, mzee mmoja anakohoa. Wengi hudhani ni kasoro ya kanda. Ni babu yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mwimbaji, kijana wa Kikuria kutoka Migori, alitaka kuimba habari za waliopigana Burma, nami nikampelekea kumbukumbu za babu nilizozinasa nyumbani kwetu Sindo. Babu alirudi kutoka vita ile. Mdogo wake hakurudi. Sikio moja la babu lilikuwa limekufa, la pili linafifia. Haja yake ilikuwa moja: asikie mdogo wake akiimbwa kabla hajawa kiziwi kabisa.

Bendi ilipokuja kumwimbia, waliunganisha spika na betri ya gari. Babu akaegemeza sikio lake zima. Walipofika mahali panaposema kaburi la mdogo wake ni tupu, aliigonga spika kwa fimbo.

"Wewe kijana! Nani alikuambia kaburi iko tupu?" Kilikuwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Si mwili haukuletwa, mzee?"

"Mwili hapana. Tulizika yago. Kwenu mnazika nini, gitaa?"

Wapiga ngoma walicheka. Mimi sikucheka, maana kosa lilikuwa langu. Kwetu Wajaluo, mtu akifia mbali asiweze kuletwa, badala yake huzikwa tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu, kwa heshima zote za mazishi. Kaburi lile nililipalilia tangu utotoni hata nikalizoea, ndiyo maana sikukumbuka kumweleza mgeni.

Mwimbaji alivua kofia, akaomba aonyeshwe. Pale kaburini akauliza, "Mzee, siku ile mlipozika, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Umefika.'"

"Niambie tena, kwa kanda."

Nikawasha kinasa sauti. Babu akakohoa, akanyooka kama yuko gwarideni, akalitamka neno lile. Mstari wa kaburi tupu ukafutwa, na sauti ya babu ikawekwa mwanzoni, kabla tu ya gitaa. Fundi wa studio kule Homa Bay alitaka kukikata kikohozi, mwimbaji akakataa.

Babu aliisikiliza kanda ile karibu mwaka mzima. Namshukuru kijana yule kwa mwaka huo, na kwa swali ambalo mimi, mwandishi wa habari, sikuwahi kuliuliza. Sikio la pili lilipokufa, babu alikuwa akiweka kiganja juu ya redio. Alipohisi gitaa linatetema, alisema, "Umefika," akiwa amechelewa kidogo.