Beti Nane kwa Ghibu

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni pa kanisa moja hapa Buffalo, Marekani, kupokea watoto wa darasa la Kiswahili, na kila gari lililosimama lilinipandisha hasira. Mzazi anafungua mlango, anamwambia mwanawe kwa Kiingereza afanye haraka, asisahau begi, awe na adabu. Kisha ananigeukia mimi: "Mwalimu, huyu hataki kabisa kusema Kiswahili, sijui kwa nini." Hujui kwa nini! Ningewacheka, kama na mimi nisingekuwa nimemfokea binti yangu kwa Kiingereza nusu saa kabla, alipokuwa akitafuta kiatu.

Darasa nililianzisha kwa ajili ya huyo binti, nisidanganye. Ana miaka tisa. Mama yangu alikuwa aje kututembelea mwezi wa saba kutoka Morogoro, mara yake ya kwanza, na hajui neno la Kiingereza. Nilitaka wakae jikoni waongee bila mimi katikati. Nilishajaribu tulipokuwa Louisville, upande wa Shively, tukavunjika kwa ugomvi wa Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili. Columbus, mume wangu alipokuwa anasoma, nikapata familia mbili, zote zikahama kabla muhula haujaisha. Buffalo nikasema safari hii sikubali.

Kumbe wazazi wana mambo yao. Wiki ya tatu tu, mama mmoja wa Kivu, Kongo, mwenye sauti kuliko wenzake, akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa: "Mwalimu, donc, batoto baseme kitu moja ya muzuri mbele ya batu, siku ya sherehe. Bon, ile ingine tutaona nyuma." Nikajidai kusitasita, ila kichwa kilishavimba. Nilifundisha shule ya msingi miaka sita; shairi nalijua. Nikatunga beti nane juu ya lugha ya mababu, zenye vina vya kati na vya mwisho, na kuanzia hapo hatukufanya kingine.

Siku za kazi namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake Amherst, nje kidogo ya Buffalo, mama wa Kiyahudi anayekaribia miaka tisini, mbishi kuliko wanafunzi wangu wote. Kuoga ni vita, kumeza dawa ni mjadala. Siku moja nilikuwa namkunjia nguo huku nalirudia shairi, akataka kujua naimba nini. Nikajisifu. Akasema hata yeye alisoma shule ya namna hiyo, hapa hapa Buffalo: ghorofani, juu ya ukumbi wa chama cha washonaji, jioni nne kwa wiki, baada ya shule ya kawaida. Baba yake alishona makoti na hakutaka mwanawe asikie habari za Mungu. Alitaka ajue Kiyidi, lugha waliyotoka nayo Ulaya, na ajue wafanyakazi waligoma wapi na kwa nini. Sala hakuna. Sikukuu kubwa ilikuwa Mei Mosi.

Kisha akaishika fremu yake ya kutembelea, akasimama, akainua ngumi, akaghani shairi refu la Kiyidi bila kukwama hata mara moja. Nilipiga makofi. Nikamuuliza maana yake.

"Sijui," akasema. "Kitu juu ya makaa ya mawe."

"Hujui?"

"Hakuna aliyetuuliza kama tunaelewa. Mwalimu alitaka tupaze sauti."

Nilicheka mpaka nikakaa. Yeye hakucheka. Akaniambia baba zao walikuwa wakibishana kwenye ngazi kwa Kiyidi, tena kwa ukali: watoto wafundishwe Kiebrania au la, mwalimu ni mjamaa wa kweli au ameanza kulegea. Wakimaliza, wanawashika watoto mkono na kuwaambia twendeni nyumbani, kwa Kiingereza. Walitaka watoto wa wafanyakazi ambao watakuja kuwa madaktari. Na kwao, chumba cha nyuma, alikaa bibi yake asiyejua lugha yoyote isipokuwa Kiyidi.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikauliza.

"Nilikuwa nambusu shavuni," akasema. "Miaka mitano. Nikishambusu, naondoka." Kisha akanigombeza kwamba taulo zake nimezikunja vibaya.

Nilipaswa kuliacha lile shairi siku hiyo hiyo. Siwezi kusema sikujua. Jumamosi iliyofuata nikawaambia wazazi tuache maonyesho, watoto wajifunze kuomba chai, kusimulia walichofanya jana, hata kugombana. Nikaangaliwa kama mtu aliyetangaza kufunga kanisa. Yule mama wa Kivu akasema vitenge vimeshashonwa. "Na batu, mwalimu, tulishabaita!" Nami badala ya kushikilia nikaona aibu, na tuseme ukweli, nikakumbuka jinsi beti zangu zilivyokaa vizuri. Tukaendelea.

Mama yangu alitua asubuhi ya sherehe yenyewe. Ndege ilichelewa, ikabidi tutoke uwanjani moja kwa moja hadi ukumbini, nikamkalisha mstari wa mbele na koti lake mwilini. Binti yangu alisimama katikati, akaghani beti zote nane, matamshi safi kama amezaliwa Morogoro. Vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa analia waziwazi.

Watoto waliposhuka, akamvuta mjukuu wake kifuani, akaanza kumwambia yote aliyomwekea. Kwamba babu yake alipokuwa anaumwa alimtaja yeye kila siku, akiuliza kama amerefuka. Kwamba picha yake waliitundika karibu na kitanda. Kwamba mzee alikufa akisema huyu mtoto ataletwa tu. Aliongea muda mrefu, mdomo karibu na sikio la mtoto, kisha akamuuliza, "Na wewe, babu yako ulikuwa unamfikiria?"

"Asante sana, bibi," binti yangu akasema, kwa tabasamu lake zuri lote.

Mama akaniinulia macho. "Huyu mtoto haelewi?"

"Anaelewa, mama," nikasema. "Amechoka tu."