Kichupa cha Kwapani

Mimi si mwoga, muulizeni yeyote pale Kinyamaseke. Lakini asubuhi ile, nyuma ya bodaboda, meno yalinigongana na jua limeshawaka. Kwapani, chini ya sweta, nilikuwa nimebana kichupa chenye mbegu zangu za kiume. Daktari wa Kasese aliagiza zipimwe. Kwanza nilijaribu kuzitoa kwenye choo cha maabara, huko Bwera, watu wakawa wanagonga mlango, nani angeweza? Basi wakaniruhusu nizitolee nyumbani, mradi zifike upesi zikiwa na joto la mwili. Mke wangu alikuwa ameshapimwa kila kitu, haumwi popote. Nilikuwa nimebaki mimi.

Karibu na Bwera tukakuta kizuizi cha askari.

"Shuka! Mikono juu!"

Mkono wa kulia ukapanda. Wa kushoto nikaubana zaidi. Askari mmoja akaniona, akainua bunduki.

"Wewe! Kwapani iko nini? Tupa chini!"

"Afande, siwezi."

Mungu wangu! Niliogopa risasi, ndiyo, ila niliogopa zaidi kichupa kisianguke. Nyuma yangu walisimama akina mama wa Kikongo na mizigo yao ya maharage, na mwenye bodaboda ni jirani yangu kabisa. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Ni mbegu zangu, afande. Nazipeleka kupimwa. Hatupati mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Kikongo akafoka: "Acha papa apite! Unachelewesha mutoto!" Askari akashusha bunduki, tukaondoka.

Kule maabara, baada ya kupima, mpimaji aliniita ndani, akafunga mlango. Hakuona hata mbegu moja. Nikamjia juu: si nilicheleweshwa kizuizini? Si labda zilipoa, zikafa njiani?

"Zilizokufa pia huonekana, mzee," akasema. "Tutarudia kipimo, lakini jiandae."

Sijafika hata getini, mke wangu akapiga simu. "Zilifika na joto?"

"Zilifika. Lakini hamna kitu, mama. Hamna hata moja."

Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kama nimekula. Upole ule ulinitisha vibaya sana. Mwanamke huyu hunigombeza hata kwa tope la viatu. Nikamwomba anigombeze kidogo tu.